CV ya Msee wa Garissa: Karatasi Ziko Wapi, na Nani Amezikalia?

Kila Jumanne gazeti la MyGov likitoka, magrupu ya WhatsApp ya Garissa, Wajir na Mandera huwaka moto. Mtu anarusha picha ya tangazo la kazi, mwingine anazungushia nafasi duara jekundu, halafu maswali yanaanza. "Warya, hii inafunga lini?" "Nani ako na CV fiti ya kuigia?" Kufikia saa kumi jioni saiba zimejaa, kila msee na flashi yake mfukoni.

Kuandika CV si noma. Jamaa wa saiba atakupangia kwa dakika ishirini, akuwekee mistari mizuri na herufi za kuvutia. Noma inakuja pale chini kwa tangazo, kwa ule mstari mdogo unaosema "ambatanisha nakala za vyeti vyote". Hapo ndipo nusu ya wasee wanafunga kompyuta na kurudi mtaani.

Wacha tuambiane ukweli. Huku North Eastern, CV si kurasa mbili. Ni msako. Kila mstari unaoandika una karatasi nyuma yake, na hiyo karatasi imekaliwa na mtu. Inaweza kuwa kwa chifu, kwa mwalimu mkuu, kwa ofisi fulani Nairobi, ama kwa NGO iliyofunga geti na kuenda. Na mwaka wa 2025 ulileta mambo mawili kwa mpigo. Serikali ilisema msasa wa vitambulisho umeisha, na upande ule mwingine pesa za misaada za Marekani zikakauka. Mlango mmoja ukafunguka, mwingine ukafungwa, na vijana wengi wakajipata katikati bila faili.

Hebu tuchambue mstari kwa mstari.

Mstari wa kwanza: jina na nambari ya kitambulisho

Kwa msee wa Nyeri ama Kisii, huu mstari haumkoseshi usingizi. Unafikisha miaka 18, unaenda kwa ofisi ya usajili na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, unapigwa picha, unarudi keja kungoja.

Kwa Msomali wa Garissa hadithi imekuwa tofauti kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka wa 1989 serikali ya Moi iliamuru Wasomali wa Kenya wapigwe msasa upya, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kipande. Hiyo ilikuwa miaka mitano tu baada ya mauaji ya Wagalla kule Wajir, Februari 1984. Kadi zilipotea baadaye lakini msasa ukabaki. Kijana anakaa mbele ya wazee, chifu na watu wa usalama, anaulizwa babu yake alizikwa wapi, ukoo wake ni upi, nani anaweza kumsimamia. Kamati isipokaa mwezi huu, ngoja ule mwingine. Karatasi ya babu ikikosekana, ngoja tena.

Tarehe 5 Februari 2025, Rais Ruto akiwa Wajir alitia sahihi tangazo la kuondoa huo msasa wa ziada kwa kaunti za mpakani. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Kuna wanasiasa waliolalamika ati usalama utaharibika, lakini kijana aliyezaliwa Bula Iftin alikuwa amesubiri hiyo siku maisha yake yote.

Lakini cheki hapa. Kipande kinachotoka leo hakirudishi tangazo lililofunga 2019. Msee aliyepata kitambulisho akiwa na miaka 24 amepoteza miaka sita, na si kipande peke yake alikosa. Bila hiyo kadi huwezi kusajili laini kwa jina lako, kwa hivyo huna M-Pesa yako. Huna PIN ya KRA, huna akaunti ya benki, huwezi kuomba HELB. Kazi ulifanya, ndio, lakini ulilipwa kwa simu ya binamu. Leo HR anaangalia CV yako anaona shimo la miaka sita na anafikiri ulikuwa umelala.

Hapa dawa ni kuandika ukweli bila kulia. Weka miaka, weka ulichofanya: "2018 hadi 2023, muuzaji dukani, biashara ya familia, Garissa, nikisubiri kitambulisho." Mstari mmoja unatosha. Kama bado una ile stakabadhi ya kungojea, iskani uiweke. Ukiulizwa kwa intavyu, una jibu na una ushahidi.

Wale ambao kompyuta inasema ni wakimbizi

Kuna mbogi ingine ambayo tangazo la Wajir peke yake halikumaliza shida yao. Hawa ni Wakenya ambao alama zao za vidole ziko kwa daftari la wakimbizi. Hii ilianza hivi. Kambi za Dadaab zilifunguliwa 1991, na Ifo, Dagahaley na Hagadera ziko ndani ya Kaunti ya Garissa. Ukame ulipobana, familia za wafugaji zilizopoteza mifugo ziliona kambini kuna chakula, kuna shule na kuna hospitali, vitu ambavyo kwa bula yao havikuwepo. Mathe akaenda na watoto, wakaandikishwa wakala. Njaa ya 2011 iliongeza wengine.

Mtoto aliwekwa kidole akiwa na miaka saba. Akifika 18 anaenda kuomba kipande, mashine inamwambia wewe ni mkimbizi. Mashirika ya haki yamekuwa yakitaja takriban watu 40,000 walioshikwa na hiyo mtego, na Haki na Sheria, shirika lenye makao Garissa, lilipeleka maneno mpaka Mahakama Kuu.

Kwa msee kama huyu, kumwambia "andika CV" ni kama kumwambia avuke Tana na daraja halipo. Yeye faili yake inaanza na vitu vingine. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, nakala za vitambulisho vya wazazi na ndugu, vyeti vya shule ya Kenya aliyosoma, barua ya chifu yenye tarehe. Kila akienda ofisi aandike siku, ofisi na alichoambiwa. Hizo kumbukumbu ndizo zimebeba kesi mpaka sasa, kelele za mtaani hazijabeba hata moja.

Majina matatu, tahajia sita

Tuseme kipande kiko. Sasa angalia jina.

Huku kwetu jina ni lako, la baba na la babu. Mwalimu wa darasa la kwanza alitoka bara, akaandika vile alisikia. Mwalimu wa sekondari akaandika kivyake. Karani wa usajili naye akaweka yake. Mwishowe KCPE inasema Mohamud, KCSE inasema Mohamed, kipande kinasema Muhumed. Dem ni Fadumo nyumbani, Fatuma shuleni na Fatma kwa kitambulisho. Nusu ya darasa wamezaliwa Januari mosi, juu hakuna aliyeandika siku halisi, na karani alihitaji tarehe yoyote ajaze fomu.

Nyumbani hii ni utani. Kwa ofisi ya Nairobi si utani. Karani anayepanga watu 3,000 hana muda wa kukuuliza kama Mohamud na Mohamed ni mtu mmoja. Anaweka faili yako pembeni, anaendelea.

Kwa hivyo kabla uguse CV, tandika karatasi zako zote kwa meza ama mkekani. Kipande, cheti cha kuzaliwa, KCPE, KCSE, cheti cha chuo, PIN ya KRA. Soma jina herufi kwa herufi, soma na tarehe. Zikitofautiana, chagua jina la kitambulisho liwe ndilo la juu kwa CV. Tofauti ndogo ya tahajia, wakili atakuandikia hati ya kiapo kusema haya majina yote ni ya mtu mmoja. Ikiwa jina limebadilika kabisa, hiyo ni hati ya kubadilisha jina, inasajiliwa na kuchapishwa kwa gazeti rasmi la serikali. Ikiwa makosa yako kwa cheti cha mtihani, ombi linaanzia kwa mfumo wa KNEC unaoitwa QMIS. Hii kazi ifanye sasa ukiwa umetulia, si siku mbili kabla tangazo lifunge.

Cheti cha fomu four kiko wapi?

Uliza wasee watano mtaani cheti chao cha KCSE kiko wapi. Utapata mmoja anakwambia kiko shule, juu kuna deni la karo. Wazazi walipoteza ng'ombe wakati mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, karo ikabaki, mwalimu mkuu akafungia cheti kwa kabati.

Sheria hapa haina kona. Sheria ya KNEC ya 2012 inasema cheti hakifai kuzuiliwa na mtu ama taasisi yoyote. Deni la karo lipo, na shule inaweza kulidai kwa njia zingine, lakini cheti si rehani. Serikali imesema haya mara nyingi, na bado kuna makabati yamejaa.

Form ni gani? Nenda kwa upole, lakini nenda na karatasi. Andika barua fupi ya kuomba cheti, taja hiyo sheria, peleka nakala mbili, na nakala moja wakugongee muhuri wa kupokea. Ukikataliwa, peleka hiyo nakala yenye muhuri kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Shule nyingi hulegea zikiona mtu ameweka maneno kwa maandishi. Na kama mzee wako anaweza kukubaliana nao kulipa kidogo kidogo, sawa, lakini hayo ni makubaliano ya deni, si ya cheti.

Wengine cheti kilienda na maji. Mafuriko ya El Niño ya Novemba 2023 yalikata barabara ya Garissa na Madogo na kufukuza watu kwa nyumba zao kando ya Tana. Sanduku la bati lenye karatasi za familia nzima likaenda. Ukipoteza hivyo, anza polisi upate abstrakti, halafu ingia QMIS. Kutoka huko unaweza kuomba cheti mbadala, ama uthibitisho wa matokeo unaotumwa moja kwa moja kwa mwajiri ama chuo. Usikubali mtu wa saiba akuambie anaweza "kukutengenezea" kingine kwa elfu mbili. Tutafika hapo.

Kitu kingine: andika jina la shule vile cheti kinasema. Kama ulisomea Garissa University kabla ya 2017, kilikuwa chuo kishiriki cha Moi, na wale waliohamishiwa Eldoret baada ya shambulizi la tarehe 2 Aprili 2015 lililoua watu 148 walimalizia huko. Cheti chako kikisema Moi, andika Moi, halafu eleza kwa mstari mmoja ulisomea wapi. Vilevile North Eastern National Polytechnic zamani ilikuwa North Eastern Province Technical Training Institute. HR wa Nairobi hajui hayo. Mwambie.

NGO imefunga, barua iko wapi?

Hapa ndipo mwaka wa 2025 uliumiza watu. Kwa miaka mingi Dadaab ndiyo imekuwa mwajiri mkubwa wa vijana wa Garissa waliomaliza chuo. Ukitoka shule unaingia NGO, unagawa chakula, unahesabu watu, unatafsiri, unapanda kidogo kidogo. Kisha Januari 20, 2025 Washington ikasimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai 1 USAID yenyewe ilikuwa imefungwa rasmi. Miradi ikakatwa, mgao wa chakula kambini ukapunguzwa, wafanyakazi wakaambiwa asanteni.

Kila mtu aliongea kuhusu mshahara uliopotea. Wachache waliongea kuhusu kitu kingine kilichopotea siku hiyo hiyo, nacho ni ushahidi. Mradi ukifungwa, barua pepe ya ofisi inazimwa. Bosi wako aliyekuwa anajua kazi yako amerudi kwao Kampala ama Copenhagen. HR aliyekuwa na faili yako naye anatarmaki kama wewe. Baada ya mwaka, miaka yako mitano ya kazi imebaki fulana yenye nembo na picha kwa simu.

Sasa shika hii. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inasema mwajiri lazima akupe cheti cha utumishi kazi ikiisha, mradi ulifanya angalau wiki nne mfululizo. Haijalishi umefutwa, umeacha, ama mkataba umeisha. Cheti kinafaa kuwa na jina na anwani ya mwajiri, jina lako, siku uliyoanza, aina ya kazi, mahali ulifanyia, na siku uliyomaliza. Mwajiri akikataa kusudi, sheria imeweka faini isiyozidi shilingi 100,000 ama kifungo kisichozidi miezi sita, ama vyote viwili. Lakini hiyo hiyo sheria haimlazimishi akusifu. Barua ya kusema wewe ni mchapakazi ni ihsani yake. Cheti cha tarehe na kazi ni haki yako.

Kama mradi wako ulifungwa na hukupata kitu, bado kuna njia. Mashirika mengi makubwa yana ofisi kuu Nairobi ama ng'ambo, na faili za wafanyakazi hazichomwi. Tuma ombi huko. Wakati unangoja, kusanya ushahidi mbadala: barua ya kuajiriwa, mkataba, hati za mshahara, fomu ya P9 ya kodi, rekodi ya michango ya NSSF inayoonyesha mwajiri na miezi. P9 haisemi wewe ni hodari, lakini inasema ulikuwepo, na HR mwenye akili anaielewa.

Na kwa wakimbizi wenyewe hii ni kubwa zaidi. Kambini kuna watu wamefundisha darasa kwa miaka kumi wakilipwa posho, si mshahara. Kuna waliosomea mpaka digrii za York ya Canada na Kenyatta University wakiwa Dadaab, kupitia mradi wa BHER ulioanza 2013. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilifungua kidogo mlango wa kufanya kazi, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 unaahidi kugeuza kambi kuwa miji. Siku huo mlango ukifunguka kweli, atakayeingia kwanza ni mwenye barua.

Kazi ambazo hazina bosi

Sasa twende kwa wale wanasema "mimi sina uzoefu". Manze, unafanya kazi tangu ukiwa na miaka kumi. Hujaiita kazi tu.

Umeenda soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya kubwa zaidi Afrika Mashariki, ukisimama kati ya muuzaji na mnunuzi mpaka bei ikakubalika. Huo ni udalali, na kwa CV unaandikwa: "Wakala wa mauzo ya mifugo, Garissa, 2019 hadi 2023. Kujadili bei, kukagua mifugo, kupanga usafiri." Mathe anayepokea maziwa ya ngamia alfajiri, anayapima, anayatuma kwa basi la Nairobi na kufuatilia malipo, huyo anasimamia usambazaji wa bidhaa inayoharibika haraka. Dem anayeweka hesabu ya ayuuto ya wanawake 20 bila shilingi kupotea ni mweka hazina. Ustadhi aliyefundisha duksi ni mwalimu, na kamati ya msikiti inaweza kumwandikia barua yenye tarehe na idadi ya wanafunzi.

Usipige chuku. Usijiite meneja kama ulikuwa unabeba mitungi. Andika ulichofanya kwa vitenzi na nambari ambazo unaweza kuzitetea. Taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima inaonyesha biashara ilikuwa hai.

Na lugha! Msee anaongea Kisomali, Kiswahili, Kiingereza, na Kiarabu ama Kiborana juu, halafu anaandika "Lugha: Kiingereza". Mashirika yanayohoji watu vijijini yanatafuta hiyo hiyo lugha ya nyanya yako. Iweke juu, useme kama unaiongea tu ama unaiandika pia.

Kwa mafundi kuna njia rasmi. NITA inafanya mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na hawaulizi ulisomea wapi. Wanataka kuona mikono yako. Fundi wa umeme ama wa magari ambaye hajawahi kukanyaga chuo anaweza kutoka na cheti cha serikali. Pia siku hizi kuna utaratibu wa KNQA wa kutambua ujuzi ulioupata nje ya darasa. Kazi ndogo za serikali nazo zihesabu. Kama ulihesabu watu kwa sensa ya Agosti 2019 ama ulikuwa karani wa IEBC Agosti 2022, ile barua ya uteuzi ni dhahabu. Na uchaguzi wa 2027 unakuja, makarani watahitajika tena.

Uliacha chuo? Andika hivyo

Hii inanihusu, juu mimi mwenyewe sikumaliza chuo. Ganji iliisha, nikaanza kuandika, na bado naandika. Kwa CV yangu hakuna digrii. Kuna jina la kozi, mwaka niliingia, mwaka nilitoka, na neno "sikumaliza". Wenye kazi wameniuliza mara moja moja, nikajibu, tukaendelea na maneno ya kazi.

Ukiwa kwa hii boti, omba transkripti ya mihula uliyomaliza. Hiyo ni elimu uliyoilipia. Kama hukumaliza digrii lakini una diploma ama kozi fupi, weka hizo juu.

Kile hufai kufanya ni kununua. Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti ulikuwa umepata vyeti feki 2,067 kwa watumishi wa umma. Majina yakaenda EACC na DCI. Na EACC haiishii kukufuta kazi, inaenda kortini kudai mshahara wote uliokula. Fikiria kulipa miaka minane ya mshahara ambao ulishajengea mathe nyumba.

Na huku kwetu feki inaumiza zaidi. Kila cheti bandia kikishikwa kutoka kaunti zetu, karani wa Nairobi anaanza kutilia shaka hata kile halali. Wewe umefanya mchezo, jirani yako ndiye anapigwa msasa mara mbili.

Usimalize pesa kabla hujaitwa

Kuna wasee wanachoma karibu mshahara wa mwezi kwa vyeti vya kuthibitisha uadilifu kabla hata ya kuitwa. Cheti cha tabia njema cha DCI peke yake ni shilingi 1,050 kupitia eCitizen, ongeza safari ya Huduma Centre kuweka vidole. Ukitoka Hulugho ama Balambala, nauli inashinda ada. Kisha kuna HELB, KRA, CRB na EACC.

Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022 yalibadilisha hii. Mwajiri hafai kukuitisha hivyo vyeti mpaka awe ameshakupa ofa ya kazi. Kuna matangazo bado yanaitisha mapema kana kwamba hiyo sheria haikupitishwa. Ukikutana nayo, uko na haki ya kuuliza, na wabunge wetu wako na kazi ya kuuliza kwa sauti zaidi.

"Lakini si kazi ni za wenyewe?"

Najua wengi wamesoma mpaka hapa wakicheka. Ati faili? Kazi za kaunti zinagawanywa kwa ukoo, za NGO kwa kujuana, na za Nairobi kwa kabila. Sitakudanganya ati hakuna hiyo maneno. Kila mtu hapa Garissa ana hadithi yake, na mimi nina yangu na ofisi moja ambayo sitaitaja, ambako orodha ilibandikwa ukutani kabla intavyu kuisha.

Lakini fikiria vizuri nani anafaidika wewe ukikosa karatasi. Ni yule yule mwenye mjuano. Bodi ikitaka kukuruka, njia rahisi ni kuandika "hakukamilisha vyeti" na hapo hakuna wa kuuliza. Ukiwa umekamilisha kila kitu, wanalazimika kutafuta sababu nyingine, na sababu inaweza kupingwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 77, inakuruhusu kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ukipinga uamuzi wa bodi ya kaunti kuhusu uajiri, kwa maandishi, ndani ya siku 90. Rufaa bila nakala za vyeti ni umbea. Rufaa yenye nakala na stakabadhi za kupokea ni kesi.

Na wakubwa nao wasijifiche nyuma ya msasa ulioondolewa. Kupeana vipande ni hatua ya kwanza. Kama shule bado zimekalia vyeti, kama jina likikosewa herufi moja lazima ushughulike na ofisi za Nairobi, kama maombi yote ni ya mtandaoni na milingoti ya simu inalipuliwa na Al-Shabaab mpaka Mandera inakaa siku bila network, basi kijana wa hapa bado anakimbia mbio na gunia mgongoni. Usajili wa vyeti vya kuzaliwa kwa mabula ya mbali, wakili wa bure wa hati za kiapo mara moja kwa mwezi kwa kila wadi, na siku za mwisho zinazojali network, hivyo si vitu vya kubomoa bajeti ya kaunti.

Faili yako, wiki hii

Usingoje Jumanne ya MyGov. Nunua faili ya plastiki, ile inafunga kwa zipu. Ndani weka kipande na nakala tano, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na chuo, transkripti, vyeti vya utumishi, barua za uteuzi, hati ya kiapo ya majina. Skani zote zikiwa PDF, zipe majina yanayoeleweka, jitumie kwa barua pepe yako mwenyewe na uweke nyingine Google Drive. Simu ikiibiwa ama Tana ikipanda, bado zipo.

Kwa CV yenyewe kurasa mbili zinatosha. Jina kama la kipande, nambari mbili za simu za mitandao tofauti, barua pepe ya heshima. Kazi ya karibuni iwe juu. Waamuzi watatu wanaojua kazi yako, si ukoo wako. Bosi wa zamani anashinda MCA kila siku. Wapigie kwanza, uwaambie umeweka majina yao, ndio wasishtuke wakiulizwa.

Halafu msaidie mmoja. Uko na dada mdogo anafunga 18 mwaka huu, ama ndugu ambaye cheti chake kimelala shule tangu 2021. Mwambie aanze na mkeka na karatasi zake zote juu yake. Ataona zilizopo, ataona zinazokosekana, na kwa kila inayokosekana atajua mlango wa nani wa kubisha kesho asubuhi.